Mchumba wa Mlangoni

Jumamosi hiyo duka la Waturuki la Schaerbeek, mjini Brussels, lilifurika watu, na paketi ya mwisho ya sombe, majani ya muhogo, ilishikwa na mikono miwili. Mmoja ulikuwa wa Mujinga, mhudumu wa wagonjwa huko Woluwe, mjane mwenye binti wa miaka kumi, Anaïs. Wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu na viatu vya kung'aa, Mkatanga wa Kongo kama yeye.

"Achia, tonton. Iko yangu."

"Tonton? Bon, nimekuwa mjomba, nimezeeka. Kamata, chérie, lakini utanipikia."

Mujinga alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amzike mumewe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla majira ya joto hayajaisha, mtaa mzima ulijua kuwa Donatien, aliyetoka Amerika mwaka uliopita, amempata Mujinga. Jioni walipigiana simu, wakataniana mpaka sikio likawaka moto.

Ila Donatien hakuingia kwake hata siku moja. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamkabidhi mfuko, akaenda zake. Kwao, mchumba anayekataa chakula cha mwanamke anamtukana. Mujinga, ambaye subira hakuzaliwa nayo, aliamua kuwa kuna mke mahali.

"Unafichaka bibi kule New Jersey," alimwambia kwenye simu. "Tonton Aristote anakuya Jumapili kukuona. Utakuya kula, ama tunamaliza."

Donatien aliuliza: "Anaïs atakuwa pale?"

"Ni kwake. Aende wapi?"

"Alors, tukutane café kesho. Ni jambo la kusema uso kwa uso."

Ilikuwa vuli ya 1996, na picha za wasichana wa Ubelgiji waliopotea zilikuwa zingali kwenye vioo vya mikahawa. Donatien alikaa akizipa mgongo.

"Sina bibi," alisema. "Kule nilifungwa. Nilimuharibu mutoto wa jirani. Nilipotoka, sheria ya lile jimbo ikanilazimisha kujiandikisha kwa polisi, na majirani wakaambiwa: huyu muntu, chungeni watoto wenu. Donc nikakimbia. Huku hakuna anayeambiwa."

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Dix ans. Miaka kumi."

Mujinga alitazama kahawa yake. Alingoja hasira, haikuja. Alingoja machozi, nayo hayakuja. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na bado alimpenda mtu huyu.

"Ile sheria ni ya kule, lakini hata hapa najichunga," Donatien aliendelea. "Ni kwa sababu ya ile siingiake kwako. Nakupenda, Mujinga. Tuoane. Mutoto akae kwa Tonton Aristote, sisi tubaki wawili."

Hilo ndilo lilikuwa ombi la ndoa. Na kwa aibu yake, Mujinga alijikuta akiwaza Anaïs atapanda tramu gani kwenda shuleni akitokea Molenbeek, kwa mjomba. Kichwani alimfikisha mtoto katikati ya safari, ndipo akashtukia anachokifanya.

"Na mimi nakupenda," alisema kwa sauti kavu. "Usinipigie tena simu."

Alivaa koti, akatembea moja kwa moja hadi shuleni, akasimama getini na akina mama wengine. Kengele ikalia. Anaïs alitoka akipiga soga, naye akamshika mkono, wakavuka barabara, wakapita kituo cha tramu bila kusimama.

"Maman," mtoto alisema mwishowe, "unaniumiza mukono."

Mujinga hakuwa amehisi kwamba ameushika.