Maji Yaliyopanda Tena

Boti ilikuwa imeshaondoka. Rahabu aliiona kutoka kivulini, boti ya mpira, ikiyumba taratibu hatua sitini kutoka ufukweni. Ndani yake palikuwa na dumu la maji, redio na kapu la chakula. Mtu hakuwemo.

"Baba mdogo! Boti!"

Hezekia aliamka na kukimbia papo hapo. Alikuwa na miaka hamsini na nane, fundi aliyezeekea kwenye mashine za kiwanda cha chai kule Bulwa kabla ya kuhamia injini za meli, na kuogelea alijifunza ukubwani. Alivua koti lake la mvua, koti la njano lililowachekesha mabaharia wote, maana nani anakwenda kujilaza juani na koti la mvua kama si mtu wa milimani? Akajitupa majini. Upepo ukaisukuma boti mbali zaidi, na wimbi likambwaga mzee wa watu juu ya matumbawe. Rahabu alimvuta nje paja limechanika, damu inatiririka mchangani.

Na kosa lilikuwa la Rahabu, tuseme ukweli. Siku ya kumi na mbili tangu watoke Tanga na viazi na vitunguu vya kupeleka Shelisheli, nahodha Rajabu alikiona kisiwa kitupu chenye mchanga mweupe na mivinje, akatia nanga nje ya mwamba, akasema watu washuke kwa zamu wakapumzike. Zamu ya kwanza ikawa ya mpishi Rahabu na fundi Hezekia. Wakaogelea, wakala, wakacheka. Kabla ya kulala Hezekia aliuliza, "Boti tuifunge?" Na Rahabu, mzaliwa wa Mlalo kule milimani, aliyeshika jembe la mfereji tangu ana miaka saba, aliutazama mchanga mkavu uliokuwa kati ya boti na bahari, akajibu, "Ya nini? Maji yameshashuka." Kwao maji yakiteremka bondeni yameteremka, hakuna aliyewahi kuyaona yakipanda kurudi. Ubaharia wake wote wa miezi mitatu ulikuwa jikoni, anamenya viazi, na Hezekia naye bahari aliijua kutokea chumba cha injini.

Saa tisa alasiri ile upepo uligeuka. Honi ya meli ililia mara tatu. Nanga ilikuwa inaburuzwa kuelekea mwamba, nahodha hakuwa na hiari, akakimbilia bahari kuu. Jua lilipozama hawakuona meli wala boti.

Rahabu alipasua kanga, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi, akalifunga.

"Nigombeze basi, Baba mdogo!"

"Nikikugombeza boti inarudi? Kaza hapo. Kaza zaidi."

Mvua ilipiga jioni ile ile, kubwa, ya dakika chache. Walikinga viganja, wakanyonya kanga iliyolowa. Ilipokatika, Rahabu alichimba mchanga kwa mikono akitafuta maji, akakuta unyevu tu. Mchanga ulikuwa umeyanywa yote.

"Nchi gani hii isiyoshika maji!" alifoka.

Asubuhi alikizunguka kisiwa kizima. Hapakuwa na kisima, hapakuwa na mnazi hata mmoja. Upande wa nyuma, ng'ambo ya mivinje, palikuwa na jabali pana lililoinama, na chini yake shimo la kukaa mtoto. Alisimama akaliangalia muda mrefu. Kisha akarudi mbio kwa Hezekia.

"Baba mdogo, nimepata mahali pa ndiva."

Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji, na kule kwao huchimbwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kimetoka na majembe. Msaragambo huu ulikuwa na mtu mmoja na kisu cha jikoni. Alimburuta Hezekia hadi kwenye jabali, akamlaza kivulini, akatandika lile koti ndani ya shimo lishike maji. Kisha akaanza kupanga mawe mshazari kwenye jabali na kuziba nyufa kwa udongo mweusi wa chini ya mivinje, ili kila tone lifuate mstari liingie ndivani.

"Punguza mwinamo," Hezekia alisema, homa imeshampanda. "Maji yakikimbia yatabomoa."

"Umelala huko unaona mwinamo?"

"Naona. Sogeza jiwe la tatu."

Alisogeza. Siku hiyo ikaisha bila mvua, na ya pili yake ikafika mchana. Ulimi ulimvimba, midomo ikapasuka. Kila alipokwenda ufukweni kuchukua mawe alichomeka kijiti maji yalipofikia, maana safari hii alitaka kuijua hiyo bahari inapanda na kushuka lini, isimcheze tena.

Mvua ikaja alasiri. Maji yakateremka jabalini, yakaufuata ukuta, na kwenye kona ya chini udongo ukameguka.

"Inavuja!" Hezekia alipiga kelele. "Rahabu, kona!"

Hapakuwa na muda wa kutafuta jiwe. Alijilaza pale pale palipobomoka, tumbo na kifua vikawa ukuta, maji yakampiga shingoni yakageuka kwenda ndivani. Alikaa hivyo hadi mvua ilipokatika. Yalipatikana maji ya kama ndoo mbili. Alimnywesha Hezekia kwanza, kwa viganja, kisha akainama akanywa kama ng'ombe.

Maji yale, pamoja na kaa na konokono wa ufukweni, yaliwafikisha siku ya tano. Lakini paja lilikuwa limeanza kunuka, na Hezekia alikuwa akimwita mkewe Yudith aliyeko Bulwa. Ndipo Rahabu alipoiona meli. Ilikuwa mbali, inakwenda na kurudi kule upepo ulikopeleka boti. Bila shaka waliikuta boti tupu wakadhani wamezama; walikuwa wanatafuta maiti! Aliwasha kuni kwa kiberiti cha gesi cha jikoni alichokuwa nacho mfukoni, kuni zikafuka moshi mwembamba uliolala chini. Alipunga kanga, lakini kanga yenyewe ilikuwa imebaki kipande.

Alirudi ndivani akashika koti kwenye pindo.

"Ukilitoa hilo, maji yamekwenda," Hezekia alisema. Akili zilikuwa zimemrudia.

"Najua."

"Na wasipokuona?"

"Wataniona vipi nikiwa nimekaa hapa? Kunywa. Kunywa tena. Jaza tumbo."

Alimnywesha hadi akakataa. Kisha akavuta koti, na maji yaliyobaki yakapotelea kwenye nyufa.

Kwa hesabu ya vijiti vyake, bahari ingekuwa chini kabisa saa ile, na kweli mwamba ulikuwa umejitokeza kama barabara hadi kwenye maji meusi. Alitembea juu ya matumbawe, miguu inachanika, hadi ukingoni. Akalipunga koti. Meli ikapita. Akapunga. Maji yakaanza kurudi, yakamfika kifundoni, kisha magotini. Alijua muda wa kurudi ufukweni ulikuwa unapita, na hakugeuka. Yalimfika kiunoni, koti liko juu, naye anamtukana nahodha kwa Kishambaa chote alichonacho.

Meli ikageuza. Honi ikalia.

Nahodha Rajabu alilia alipowaona, kisha akakumbuka cheo chake. Hezekia alikuwa amelazwa, jeraha limeoshwa, amechomwa sindano, meli inakimbilia hospitali ya karibu.

"Nani aliacha boti bila kufunga?"

"Mimi," Hezekia akasema haraka.

"Mwongo," Rahabu akasema. "Samahani, Baba mdogo, lakini unasema uongo. Ni mimi, nahodha. Yeye aliuliza, mimi nikakataa."

"Na unajua kazi unaweza kuipoteza?"

"Ipotee. Huyu sikumpoteza."

Nahodha akatoka. Rahabu alikwenda jikoni akichechemea, akakoroga uji mwepesi wa sukari na chumvi kidogo, akarudi akamnywesha Hezekia kijiko kwa kijiko. Siku mbili za mwisho kisiwani mzee alikuwa hawezi kushusha kitu zaidi ya maji. Alimaliza kikombe, akafuta ndevu.

"Kipo kingine?"

Rahabu aliketi sakafuni, kikombe mkononi, akalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya.