Mgonjwa wa Rekodi ya Tatu

Ukumbi wa mihadhara ulikuwa umejaa hadi ngazini siku spika ilipokata katikati ya mapigo ya moyo wa mtu.

Profesa wa magonjwa ya moyo alikuwa akiwasikilizisha wanafunzi mia mbili rekodi tatu za valvu mbovu, vile vilango vya moyo. Akaitwa fundi wa sauti. Akaingia mwanamke mwenye ovaroli la buluu na kilemba cha manjano, bisibisi mfukoni. Akapiga magoti, akaunga waya, kisha akavaa hedifoni na kuzisikiliza rekodi zote tatu.

"Hawa ni wagonjwa watatu?"

"Watatu," Profesa alijibu, akinyoosha tai yake ya kijani.

"Mbona nasikia mmoja? Kila rekodi hali yake inazidi kuwa mbaya." Wanafunzi wakacheka. Profesa hakucheka. "Bado yu hai?"

"Leo asubuhi alikuwa hai."

Jioni simu ya Fundi iliita.

"Nani kakupa namba yangu?"

"Umeibandika kwenye spika. 'Ikiharibika, piga.'"

"Na imeharibika?"

"Spika ni nzima. Aliyeharibika ni mimi."

Wakapendana miezi mitano. Profesa alikuwa mcheshi, mpole, mwandishi wa kitabu kinene kilichokaririwa na kila daktari mchanga. Lakini Fundi akitaka kumlalia kifuani, alimsogeza begani.

"Kifua kina nini, rangi mbichi?"

"Bega ni laini zaidi, laazizi."

Na kwenye ngazi, kila mara alisimama katikati kusoma kwenye simu ujumbe ambao haukuwapo. Hofu ilikaa ndani yake kama mpangaji asiyehama. Akiwa peke yake alishika mkono wake mwenyewe, akahesabu mapigo, akapoteza hesabu, akaanza tena.

Jumapili mchana simu yake iliita mezani naye yuko bafuni. Fundi akapokea. Sauti ya mwanamke ikasema bila salamu, "Prof, Alhamisi hii usinikimbie tena. Mara tatu nimekungoja, mara tatu umeniacha." Ikakata.

Profesa alipotoka bafuni alimkuta Fundi amevaa viatu.

"Nani huyo unayemkimbia?"

Profesa alifunga kifungo cha juu cha shati. "Mwanafunzi wangu wa zamani."

"Kumbe kifua kina mwenyewe, ndiyo maana mimi napewa bega! Kaa nacho."

Akachukua mkoba wake. Profesa akamwahi mlangoni, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, na sikio la Fundi likagandamana na shati lake.

Fundi akanyamaza katikati ya tusi.

Mluzi mwembamba. Kimya. Pigo lililochelewa. Kimya kirefu zaidi, kisha pigo jingine. Alilijua pigo hilo kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe.

"Ni wewe," alinong'ona. "Wa rekodi ya tatu."

"Sasa tuko kwenye ya nne."

Wakakaa sakafuni, migongo mlangoni.

"Yule aliyepiga simu ni daktari wa upasuaji. Nimemfundisha mwenyewe. Anataka kunibadilishia valvu kabla haijagoma kabisa."

"Nawe unatoroka?"

"Mara ya mwisho nilishavaa gauni la hospitali. Nikapitia mlango wa wafua nguo."

Fundi alicheka, kicheko kikageuka kilio. "Wewe uliyeandika kitabu!"

"Ndiyo shida yenyewe. Sura ya wanaofia mezani pa upasuaji niliiandika mimi."

"Mganga hajigangi, sawa. Hata kugangwa hataki? Na mbona ukanificha?"

"Ungesikia, ungebaki nami kwa huruma."

"Kwa hiyo siku moja niamke nimelalia bega la maiti?"

Profesa akaichukua simu, akamwandikia daktari: "Alhamisi nakuja."

Alhamisi Fundi alimshika mkono hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Kiganja cha Profesa kilikuwa baridi kama bomba.

"Usiangaze macho. Ule wa wafua nguo nimeomba ufungwe."

"Nikitoka, utakubali nikuoe?"

"Toka kwanza."

Kwa muda wa saa sita Fundi alikaa kwenye benchi. Alisikia kila gurudumu, kila kiatu, kila mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani akayachukia masikio yake.

Hatimaye daktari wa upasuaji akatoka, barakoa usoni, macho yaliyochoka, yasiyosomeka. "Njoo," akasema tu.

Profesa alilala kati ya mirija na mashine, kope zimefumba. Daktari akavua stethoskopu shingoni, akamkabidhi Fundi.

"Aliagiza usikilize mwenyewe, kabla mtu hajakwambia lolote."

Fundi akaivaa masikioni. Akakiweka kidude chake cha duara kifuani mwa Profesa, kando ya bandeji. Hakusikia kitu. Daktari akamshika kifundo cha mkono, akausogeza inchi moja kushoto.

Tik. Tik. Tik. Safi, bila mluzi, mlango mpya ukifunga sawasawa.

Akainama sikioni mwa mgonjwa. "Nimekubali."

Tik-tik-tik-tik, yakakimbia mapigo.

"Anaanza kuzinduka," daktari alisema. "Nadhani amekusikia."

"Najua," alijibu Fundi, bila kuvua stethoskopu.