Kuku Ishirini, Bata Sita na Mwanangu

Nilimkuta bandani kwangu, kanipa mgongo, shoka mkononi.

Asubuhi hiyo nje ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Na huyu mtu kapanda juu ya ndoo, anapasua tundu la hewa la banda langu la kuku! Tundu nililoliziba mwenyewe jana yake, kwa kipande cha zulia la sufu na mavi ya ng'ombe yaliyoganda yakawa saruji.

Upepo ulikuwa unaingia bila hodi. Kuku wangu wamejikunyata kwenye fito zao, hawana hata nguvu ya kulia.

"Dada Kamshat... unafanya nini?"

Akageuka. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Nafungua."

"Unafungua ili wafe?"

"Zhupar, hebu nisikilize kwanza. Hawa bata wako..."

Ndugu zangu, sikumsikiliza.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkadhani nilirukwa na akili kwa sababu ya kuku.

Mimi nimeolewa na mtoto wa mwisho. Kwetu wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, na mkewe ndiye anayeamka wa kwanza, anatoa majivu, anakamua ng'ombe, anamimina chai. Hilo nililijua wakati nakuja, sikulilalamikia.

Kilichonimaliza ni kingine. Kwa mila yetu mtoto wa kwanza huwa ni wa bibi yake. Nilipojifungua Aisaule, mama mkwe alimpokea, akamweka kifuani kwake, na hakumrudisha. Mtoto analala naye, anakula mkononi mwake, anamwita Mama.

Mimi ananiita dada Zhupar.

Miaka mitano, mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili ananiita dada. Nacheka naye, namfulia, namsuka nywele, halafu anakimbilia kwa "mama yake". Kuna siku nilijifungia zizini nikalia mpaka ng'ombe akanigeukia.

Novemba, siku ya kuchinja farasi wa nyama ya majira ya baridi, wazee walijaa mezani. Mimi niko pembeni namimina chai. Sijui nini kilinipata, nikafungua mdomo mbele ya wote.

"Mama, naomba Aisaule ahamie chumbani kwangu."

Mume wangu Olzhas akaangalia sahani yake. Mama mkwe akaweka bakuli lake la chai chini, taratibu.

"Binti, kuku wako mwaka jana walifika lini?"

"Hawakufika Januari, Mama."

"Hawakufika Januari. Na unataka mtoto."

Wazee wakacheka. Mmoja, mzee Seitkali, ndugu wa ukoo wa baba mkwe, alicheka mpaka akakohoa.

"Basi sikia," mama mkwe akasema. "Zikiisha zile siku arobaini za baridi kali za katikati ya msimu, nusu ya ndege wako wakiwa hai, mchukue mtoto wako. Nusu tu. Wasipofika nusu, jambo hili usilifungue tena maishani."

"Neno limesikika," akasema mzee Seitkali.

Kwetu huku, neno likishasikika mezani, limekwisha. Hata aliyelitoa hana mamlaka nalo tena.

Kuku ishirini, bata sita. Nusu yao ni kumi na tatu. Nililala na hiyo kumi na tatu, nikaamka nayo.

Sasa Kamshat. Huyu ni mke wa kaka mkubwa wa Olzhas, nyumba yao inapakana na yetu. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajajaliwa. Kijijini wakawa wananong'ona kwamba bibi akichoka, Aisaule atapewa Kamshat. Nani alisema? Watu. Na mimi nikawaamini watu.

Kwa hiyo nilipomkuta na shoka, zikiwa zimebaki siku sita tu, na ndege wote ishirini na sita wazima... mnaelewa nilichokiona.

"Toka bandani kwangu."

"Zhupar, gusa huu ukuta. Unatoka jasho."

"Nimesema toka. Mgumba wewe. Umeshindwa kuzaa wako, sasa unamvizia wa kwangu."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Akashuka kwenye ndoo. Akaegemeza shoka ukutani, akakaza kitambaa chake kichwani, akapita pembeni yangu bila kunigusa.

"Haya," alisema mlangoni.

Nikaliziba tundu upya. Safari hii zulia mara mbili, mavi juu yake, nikamwagia maji. Likaganda pale pale nikiliangalia. Nikajiona mjanja kwelikweli.

Mchana huo huo dhoruba ya theluji ikaanza. Mzee Seitkali alikuwa kaja kunywa chai, akakwama kwetu. Siku sita nzima alikaa sebuleni na baba mkwe wanacheza karata, maana nje ukinyoosha mkono huoni kiganja chako.

Toka mlangoni hadi bandani ni hatua ishirini. Nilikuwa naenda nimeshika kamba nisipotee. Mkono mmoja kamba, mkono mwingine ndoo ya maji ya moto. Asubuhi, mchana, jioni. Na pumba za moto juu yake.

Bata wakiona maji hawanywi, wanaoga. Wanarusha huku na huku, maranda yanalowa, mvuke unajaa mpaka simuoni kuku wa mwisho. Nikasema afadhali, angalau kuna joto.

Siku ya pili nikakuta theluji bandani.

Ndani, sio nje. Kuta zote zimeota manyoya meupe. Vile vilemba vyekundu vya kuku vichwani vimeanza kuwa vyeusi kwenye ncha, na migongo yao imelowa.

Nikapaniki. Nikaongeza maji ya moto. Nikachukua gunia nikaziba mpaka nyufa za mlango.

Siku ya tatu, kuku wanne chini.

Nikampigia Olzhas. Yeye yuko machimboni, anakaa huko siku kumi na tano ndipo arudi.

"Olzhas, kuku wanakufa."

"Wape joto."

"Nimewapa joto."

"Waongezee basi. Mimi nifanyeje, Zhupar, niko chini ya ardhi huku."

"Nimeziba kila mahali, Olzhas. Hakuna hata upepo unaoingia. Sasa mbona wanakufa?"

Mtandao ukakata. Sikumpata tena mpaka dhoruba ilipoisha.

Niliporudi ndani, mama mkwe alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa anasimama pale kila nikienda.

"Wangapi?"

"Wanne wamekufa, Mama."

Halafu, bila kunitazama:

"Na lile tundu la juu je, lipo wazi?"

Mzee Seitkali akainua macho kutoka kwenye karata.

"Shemeji, unamfundisha?"

"Nauliza tu."

"Sharti lako mwenyewe, halafu unamfundisha? Hapana, shemeji."

Nami nikawaka ndani. Nikajua kumbe wamepanga wote wawili, huyu na Kamshat, sasa anataka kuhakikisha kazi yao imefanyika. Nikajibu kwa sauti, tena kwa kiburi:

"Nimeliziba, Mama. Mara mbili. Hata sindano haipiti."

Mama mkwe akafumba macho.

"Sawa," akasema.

Siku ya nne wakaanguka saba. Walikuwa wanakoroma, kamasi zinawatoka puani. Niliwaingiza wawili ndani ya koti langu, nikakaa kwenye maranda yaliyolowa, nawapulizia pumzi vichwani. Nikawaimbia, jamani. Mtu mzima nikaimbia kuku. Wote wawili walinifia kifuani, mmoja baada ya mwingine, nikahisi kabisa uzito ulivyobadilika.

Bata walikuwa wananiangalia tu. Wazima wote sita, wamechafuka, wana njaa.

Siku mbili zilizofuata sikufanya chochote cha maana. Nilikuwa naingia, nahesabu, natoka. Kumi na tano waliobaki. Kumi na tatu. Pale kwenye kumi na tatu nilipiga magoti nikaomba Mungu asimame hapo hapo.

Siku ya arobaini kukapambazuka jua kali, anga halina hata doa. Mzee Seitkali akasema kabla hajapanda farasi wake aone mwenyewe, maana neno alilisikia yeye. Tukaenda bandani, yeye, mama mkwe na mimi. Kamshat akaja akasimama mlangoni.

Mama mkwe akahesabu. Bata sita. Kuku... mmoja, wawili, watatu, wanne, watano.

Akahesabu tena.

Akainama na magoti yake yale mabovu, akapekua viota. Akasogeza ndoo. Akachungulia nyuma ya gunia la pumba. Akaanza kuhesabu mara ya tatu, kwa kidole.

"Mama, ni kumi na moja," nikasema.

Akanigeukia kwa hasira ambayo sikuielewa.

"Sijakuuliza wewe."

Akainama tena kutazama chini ya fito, pasipokuwa na kitu.

"Kumi na moja, shemeji," mzee Seitkali akasema kwa upole. "Inatosha. Simama."

Akamshika mkono akamsimamisha. Wakatoka.

Nikabaki na Kamshat. Kulikuwa na wafu wa kuondoa, nao walikuwa wamegandana na maranda. Alichukua koleo bila kuambiwa. Tukafanya kazi muda mrefu hatusemi, maana tangu siku ya shoka hatukuwa tunasemeshana.

Halafu akasema, bila kuinua uso:

"Mama ndiye aliyenituma."

"Kukutuma wapi?"

"Kufungua tundu. Aliona kioo cha dirisha la banda kimeota barafu kwa ndani. Akaniambia, nenda upesi wakati yuko zizini anakamua. Kuku anavumilia baridi kavu, Zhupar. Kinachomuua ni unyevu. Na ukifuga na bata humo humo, unyevu hauishi, lazima upate pa kutokea."

Nikaacha kazi, nikamgeukia.

"Kwa nini asiniambie mimi?"

"Aweke sharti mbele ya wazee, halafu akufundishe kulishinda? Ulimsikia Seitkali."

"Lakini yeye hakutaka nishinde..."

Kamshat akasimama wima, akaegemea koleo.

"Angeweza kusema ndege wote wafike. Kwa nini alisema nusu? Magoti yake yamekwisha. Mtoto akilala kwenye benchi hawezi kumnyanyua tena. Alikuwa anatafuta njia ya kukurudishia ambayo wazee wasiseme amenyang'anywa na mkwe. Njia yenyewe ndiyo hiyo, Zhupar. Alikupa."

Nilikaa chini.

"Sasa mbona na wewe hukuniambia, dada?"

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na ningetamani angekuwa nayo.

"Nilianza kukuambia."

Nikasema nisamehe. Nikasema mara nyingi, sijui ngapi. Akanifungulia mdomo wa gunia.

"Shika upande huo," akasema. "Tumalize."

Wadau, mtasema si aende tu akamwombe mama mkwe, wote wawili wanataka kitu kimoja. Nimewaza hilo kuliko ninyi. Neno lilisema nisilifungue tena. Nikilifungua mimi, nimemdharau. Akiligeuza yeye, wazee watamcheka mpaka kaburini, na mzee Seitkali kashalitangaza kijiji kizima. Tunapishana jikoni, tunajua wote, na hakuna mwenye pa kuanzia.

Wahenga walisema hasira hasara, na mimi nilikuwa nalisema hilo kwa watoto wa watu. Ukimkuta mtu na shoka mlangoni kwako, mwache amalize sentensi yake. Hata kama moyo unakwambia ni adui. Sentensi moja tu, haichukui hata dakika. Mimi niliikata katikati ili nitukane, na kile alichokuwa anataka kusema ndicho kingenirudishia mtoto wangu.

Jana baada ya chakula Aisaule alisinzia kwenye benchi karibu na jiko. Mama mkwe akajaribu kumnyanyua, akashindwa, akakaa.

"Zhupar," aliniita. "Nisaidie."

Nikamnyanyua. Alikuwa mzito, wa moto, ananukia maziwa, kichwa kikaniangukia begani. Nikatembea naye taratibu kuliko inavyohitajika. Nikapita mlango wa chumba changu, nikaendelea hadi cha mama mkwe, nikamlaza upande wa ukutani. Mama mkwe alisimama nyuma yangu muda wote, nikasikia anavuta pumzi akitaka kusema kitu.

Hakusema. Nikamfunika mtoto blanketi, nikatoka, nikawaachia chumba chao.