Mtandio wa Njano Kwenye Kioo

Ujumbe uliingia wakati lori likiliacha daraja.

"Nimefika darajani, Sindano wangu. Niko peke yangu na mto umefura. Nakuwaza."

Chini ya maneno hayo palikuwa na picha: daraja la chuma lenye ukingo uliopinda, maji ya rangi ya udongo, mawingu yaliyoinama. Na pembeni kabisa mwa picha, kioo cha ubavuni cha lori kilichofungwa mtandio wa njano.

Sindano aliitazama picha ile, kisha akageuza shingo kutazama nje. Kwenye kioo cha lori alilopanda, mtandio wake wa njano, alioufua asubuhi na kuutundika ukauke, ulikuwa unapepea. Fundo lilikuwa lile lile alilolifunga kwa mkono wake.

Akaishusha simu mapajani.

"Mama Breki."

"Sema, mwanangu."

"Uliposhuka pale darajani ulisema unakwenda kugonga matairi."

"Na niligonga."

"Picha je, ulimpigia nani?"

Mama Breki alijifanya kutazama kioo cha upande wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, aliyezeekea kwenye usukani, na mdomo wake haukujua likizo. Tangu waianze safari alikuwa amemchekesha Sindano mpaka mbavu zikauma. Sasa alibadilisha gia, akakaza macho mbele, akanyamaza. Kimya hicho kilimtisha Sindano kuliko picha yenyewe.

Sindano alikuwa fundi wa kushona vitambaa vya viti vya malori, kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa yadi. Malori yote yaliyokwenda mbali yaliondoka na mishono yake, yeye akabaki. Tangu utotoni moyo wake ulikuwa njiani. Miji aliijua kwa majina tu, kama mtu anayejua harufu ya jungu la jirani bila kuonja. Ndipo akaja dereva wa mwendo wa pole aliyeitwa Taratibu. Alileta kiti kishonwe, akaondoka na moyo wa fundi.

"Tukishaoana," alimwahidi siku ya uchumba, "utakaa kiti cha abiria nikuonyeshe njia yote mpaka inapoishia. Na rafiki zangu wa njiani watakuwa wako. Barabarani hakuna ndugu wa damu, lakini ndugu wapo."

Wakati wa kungoja akawa anamtumia picha: milima, mito, masoko ya watu wasiojuana. Zamani alituma na sauti. Lakini Sindano alikuwa amegundua jambo lililomnyima raha. Kila mji aliodai yupo, nyuma ya sauti yake iligonga nyundo ile ile. Ngo. Ngo. Ngo. Alipomuuliza, sauti zikakoma. "Nina mafua, koo limekauka," yakaja maandishi. Kuonana kwa video ndiyo kabisa: mtandao mbovu. Na harusi ilikuwa mwezi ujao.

Ndiyo maana alimwomba Mama Breki, dereva mwenzake Taratibu, lifti. Mama Breki alikataa, akakataa tena, kisha asubuhi moja akasimamisha lori mbele ya kibanda na kusema, "Panda kabla sijabadili mawazo."

"Mama, nakuuliza kwa heshima. Taratibu yuko wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Barabara ina mbele moja tu, mwanangu. Kwingine kote ni nyuma."

"Ana mwanamke?"

"Mwanamke!" Mama Breki aliupiga usukani kiganja. "Ingekuwa mwanamke ningeshawakanyaga wote wawili, halafu nikarudi rivasi kuhakikisha."

"Basi... yu hai?"

Manyunyu yalianza kupiga kioo.

"Mama, yu hai?"

"Niliapa, Sindano. Usinivunjishe kiapo nikiwa na usukani mkononi."

* * *

Walisimama katikati ya mlima, kwenye kibanda cha chai. Mwenye kibanda, mwanamke mwembamba ambaye madereva wote walimwita Shangazi, alitoka akifuta mikono.

"Leo umepata utingo mrembo, Mama Breki! Yule wa zamani umemuuza?"

"Huyu ndiye Sindano."

Tabasamu la Shangazi likaanguka.

"Yule Sindano? Wa Taratibu?"

Akamkumbatia. Akamkumbatia kwa nguvu, kwa muda mrefu, akimpapasa mgongo, kama watu wanavyokumbatiana msibani.

"Nakujua, mwanangu. Unaogopa radi. Chai yako haitiwi sukari. Alikuwa akikaa kwenye benchi lile anakuhadithia mpaka chai inapoa."

"Alikuwa?"

Shangazi alimimina chai, ikajaa, ikafurika, ikamwagika mezani. Hakuiona.

"Shangazi, umesema alikuwa."

"Kunywa kwanza, mwanangu. Mlima una baridi." Kisha akamgeukia mwenzake, akanong'ona kwa ukali, "Umemleta bila kumwambia kitu?"

"Si ninyi mlioniapisha?"

Shangazi aliingia nyuma ya kibanda na simu sikioni. Sindano alisikia maneno mawili tu: "Anakuja huko."

Simu yake nayo ikaita. Ilikuwa ni baba yake.

"Binti, mwenye ukumbi anataka jibu leo. Mchumba wako hapokei simu zangu. Harusi ipo au haipo?"

"Nitakupigia, baba."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Mtandao mbovu, baba."

Alikata, akajisikia vibaya. Uongo ule aliulishwa kwa miezi, sasa ulikuwa umemtoka kinywani mwake laini kama wake mwenyewe.

Kabla hajaiweka simu mfukoni, ujumbe ukaingia.

"Sindano, usiningoje tena. Nimepata mwingine huku. Harusi haipo. Nisamehe."

Alimpa Mama Breki simu. Mama Breki alisoma, akavuta pumzi kwa meno.

"Upepo! Mjinga yule ametuma!"

"Upepo ni nani?"

"Fundi wa matairi, kule juu kwenye kona za ukungu. Panda."

"Sipandi! Nimeshaambiwa nisingoje. Nakwenda kufanya nini, kuaibika mbele za watu?"

"Panda, mwanangu." Sauti ya Mama Breki ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito. "Ukirudi kutoka hapa utalia maisha yako yote kwa jambo lisilokuwa la kweli. La kweli likikuliza, angalau umelilia ulichokiona."

* * *

Ukungu uliwameza kona moja baada ya nyingine. Pembeni hapakuwa na ukuta, palikuwa na weupe tu, na chini ya weupe ule hakuna aliyejua kuna nini. Sindano alifumba macho. Akawaza jeneza. Akawaza kaburi kando ya njia, na rafiki wa marehemu wakipokezana simu yake.

Lori likasimama. Injini ikazimwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nywele zilimsimama. Alikuwa amekaa na nyundo ile masikioni usiku na mchana, akiwa maili nyingi kutoka hapa.

Alishuka akaifuata. Mlangoni pa banda la mabati alisimama mwanamume mrefu mkavu, nyundo mkononi, na kwenye mfuko wa shati lake ikachungulia simu yenye kava la bluu. Kava lile Sindano alilishona mwenyewe kwa ajili ya Taratibu.

"Mama Breki," mtu yule alisema, "umetumaliza."

"Nipishe, Upepo."

Ndani, juu ya tairi kuukuu, alikaa mtu ameinamia tyubu iliyojazwa upepo. Aliizungusha polepole karibu na mdomo, akitafuta kwa ngozi ya midomo mahali inapovuja. Uso wake, kuanzia paji hadi mashavuni, ulikuwa na mabaka kama nta iliyoyeyuka ikaganda. Macho yalikuwa wazi, meupe, hayatazami popote.

"Mama Breki," alisema bila kugeuka, "pedi zako za breki zimekwisha, nimezisikia tangu kona ya tatu." Kisha akainua pua. "Nani yuko nawe? Nasikia mafuta ya cherehani."

"Taratibu," Sindano alisema.

Tyubu ikamdondoka, ikabingirika mpaka miguuni mwa Sindano, ikalala.

"Upepo. Niambie sikusikia."

"Umesikia, kaka."

 Taratibu akazungumza, akiielekeza sauti kidogo kando na pale aliposimama mchumba wake.

"Nilikuwa namsaidia mtu kuwasha lori lake. Hata jina lake sikulijua. Betri ikapasuka usoni kwangu."

"Hospitali wamesemaje?"

"Wamesema nizoee."

"Na mimi ukaniambia una mafua!"

"Ningekwambia, ungekuja."

"Ndiyo, ningekuja!"

"Ungekuja, ukakaa!" Sauti ikampasuka. "Wewe, ambaye tangu utotoni unataka kuondoka! Ungekaa unanishika mkono kwenda chooni, na barabara ungeisikia inapita nje kama ulivyoisikia siku zote. Nikasema nikumalizie picha nilizokuahidi. Kila rafiki apige yake anapopita, Upepo akutumie. Zikifika mwisho wa njia, nikuudhi, uende zako."

"Na huyo mwingine uliyempata, ni mzuri?"

Upepo akakohoa. "Nadhani ni mimi, shemeji."

Mama Breki alicheka, akaziba mdomo. Sindano hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Tangu darajani nimekuzika, Taratibu. Nimekuchagulia na mahali pa kaburi. Rafiki zako ulioahidi watakuwa wangu wamenikumbatia leo kama mfiwa, wakaficha macho. Ulinionea huruma. Nani alikutuma?"

Taratibu aliinamisha kichwa.

"Na wewe, Mama Breki, uliweza vipi kuniacha niteseke njia nzima?"

"Niliapa kufunga mdomo," Mama Breki alisema polepole. "Kuuondoa mtandio kwenye kioo kabla ya kupiga picha sikuapa."

Sindano alimtazama, akaelewa, akamshika mkono. Kisha akaokota ile tyubu na kumrudishia Taratibu mapajani.

"Njia inaishia hapa?"

"Hapana. Bado upande wa pili wa mlima."

"Sijauona. Uliahidi kunionyesha."

"Sindano, sioni!"

"Mimi naona. Ila sijui kinachokuja mbele. Wewe unakijua. Inuka."

"Ukichoka nami je?"

"Nitakwambia nimechoka. Sitakwambia mtandao mbovu."

Upepo akajisahau, akagonga chuma kwa woga: ngo. Ndipo Taratibu aliponyoosha mkono hewani, ukatafuta, ukakosa. Sindano hakuusogelea. Alimwacha autafute wake. Ulipoupata, ulimng'ang'ania kama mtu aliyeshika ukingo wa daraja.

* * *

Walibanana watatu kwenye kiti, Sindano dirishani. Ukungu haukuwa umepungua hata kidogo.

"Tumepita jiwe kubwa lililoinama?" Taratibu aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi inakuja kona ya kulia, kali. Mama, punguza. Sindano, usitazame chini. Tazama kushoto, mbali."

"Kushoto ni weupe mtupu."

"Tazama tu."

Lori likakunja kona, breki zikilia. Ukungu ukapasuka, na ziwa likatokea huko chini, pana, la kijivu, dhoruba nyeusi ikilivuka kutoka ng'ambo. Picha zote alizotumiwa hazikuwa zimemwambia kwamba kitu kinaweza kuwa kikubwa hivyo, wala kwamba kingemtia hofu hivyo.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Nihadithie."

Alikuwa bado anatafuta neno la kwanza simu ilipoita.

"Binti! Mwenye ukumbi yuko hapa mbele yangu. Ipo au haipo?"

Sindano alitazama uso ule wenye makovu ulioelekea ziwa bila kuliona, ukingoja.

"Ipo, baba. Ila bwana harusi atakuwa amekaa kiti cha abiria."

"Cha abiria? Sasa nani anaendesha?"

Radi ilipiga juu ya maji. Sindano alishtuka, na kabla hajajificha popote, mkono wa Taratibu ulikuwa umeshamfunika sikio.

"Tutajua mbele, baba," alisema.