Kovu la Dole Gumba

Fundi wa fremu, fremu mpya begani na ovaroli imejaa vumbi la mbao, alipenya umati wa makumbusho hadi akagongana na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake kabla ya kumwacha. Mwanamume alikuwa na suti ya kijivu na kadi ya mtaalamu wa picha shingoni.

"Dole," akamwita kwa jina lao la mapenzi, lililotokana na kovu la dole gumba lake. "Bado unapendeza."

Akamwonyesha picha iliyongoja fremu: mto wa mafuriko, maji mekundu yaliyopakwa kwa vidole, si kwa brashi. Mchoraji hakujulikana, lakini kesho mtaalamu angetangaza kuwa ni kazi ya bingwa mmoja marehemu. Fundi akaganda. Mto ule aliuchora yeye, wiki aliyoachwa, akilia, kisha akamwachia mchuuzi wa vitu vikuukuu. Na aliachwa kwa kuambiwa picha zake ni za kupambia saluni. Leo mdomo uleule unamwaga sifa!

Akaanza kuipima picha kwa ajili ya fremu. Mvumilivu hula mbivu, naye alitaka kula taratibu.

Jioni mtaalamu akapiga simu. Alikosea, alisema, anamkumbuka, warudiane. Moyo wa fundi ukalegea kidogo, hasira ikaukaza tena.

"Una hakika na ule mto?"

"Mkono ule, mpenzi, ningeutambua hata gizani."

"Basi kesho sema kwa sauti, wote wasikie."

Kesho yake mtaalamu akasema, kwenye kipaza sauti, mkurugenzi wa makumbusho akitabasamu. Ndipo fundi akapanda jukwaani, akachovya dole gumba kwenye wino wa mhuri, akaligandamiza kwenye karatasi na kuiweka kando ya picha. Kovu lilikuwa lilelile lililokata maji ya pichani kila mahali. Mkurugenzi akaacha kutabasamu.

Mtaalamu akatazama sana, kisha akavua kadi yake.

"Nimekosea," akawaambia watu. "Mto ni wake. Dole hili nimelishika, nimelibusu, na sikulijua."

Fundi alitaka aumbuke, na ameumbuka. Aliona raha, wala hakuificha.

Asubuhi yake mwanamume alikuja karakana, hana kazi, akasema anataka kumwoa. Fundi akampa msasa na kumwonyesha fremu zilizoegemezwa ukutani.

"Zote?"

"Zote. Nikikusamehe nitakwambia."

Akavua koti, akaanza. Kufikia fremu ya tatu fundi alikuwa ameshamsamehe. Hakumwambia.