Joho la Bwana Shari

Joho lilikuwa limelowa jasho. Mshonaji wa jumba la maigizo alilinusa, akakunja uso: harufu ya mtu aliyegombana kutwa nzima. Na tangu alifue siku tatu nyuma, hakuna aliyelivaa.

Lilikuwa vazi la Bwana Shari, mfanyabiashara wa kutungwa tu, aliyezozana na wateja, majirani, hata na mizani yake. Watu walimpenda. Picha yake ilitundikwa mlangoni, kidole juu, na kila mwaka aliigizwa. Safari hii mwigizaji alikuwa mume wa mshonaji, mpole kiasi cha kumwomba kuku radhi kabla ya kumfukuza.

Wiki ileile ugomvi ukahamia nyumbani. Kwanza chai ilikuwa baridi. Kisha kiti kilimdharau. Kisha mchana kweupe mume akazozana na ukuta, na ukuta ukamjibu kwa sauti nzito ya kizee.

Mshonaji akamleta shangazi yake, mganga. Shangazi alimtazama mume machoni, akamvuta mpwa wake kando.

"Huyu si mumeo, mwanangu. Mlimtunga mtu, mkampa uso na maneno, ndani mkamwacha mtupu. Nyumba tupu haikosi mpangaji. Jini limehamia."

"Tulitoeje, shangazi?"

"Chakula chake ni majibu. Liseme litakalo, usijibu."

Shangazi akafunga madirisha, akaanza dua. Jini likacheka, likamtukana mshonaji mapishi yake, ukoo wake, sindano yake, na lilipoona hajibu likamsogelea sikioni, harufu ya jasho ikajaa chumba hadi pumzi ikakwama, likachukua sauti ya mumewe, ile ya upole ya usiku wa mapenzi, likamwambia kwamba binti yao aliyekufa kwa homa alimwita mama hadi mwisho, na mama alikuwa wapi, mama alikuwa anashona, sema basi ulikuwa wapi, sema, naye akauma kanga yake mpaka fizi zikatoka damu, machozi yakimchuruzika, asiseme neno.

Mume akaanguka kama gunia.

"Mbona koo linaniuma?" akauliza baadaye.

Mshonaji akamkumbatia. Kusema, bado hakuthubutu.

Wote wawili waliacha kazi kwenye jumba la maigizo. Bwana Shari akapewa mwigizaji mwingine.

Mwezi haujaisha, asubuhi moja, mwanamke wasiyemjua akabisha hodi. Alikuwa mke wa yule mwigizaji mpya. Aligeuka nyuma mara mbili kabla ya kunong'ona:

"Samahani, dada. Wako alianzaje?"