Kuvuka Si Kuhama

Papa Valère alikuwa fundi wa mbao hapa Kalemie. Alitengeneza vitanda na milango. Mke wake, Mama Odile, aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Watoto wao wanne walizaliwa hapa. Lakini Papa Valère mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kigoma, katika nchi ya Tanzania. Alivuka ziwa na mjomba wake akiwa na miaka tisa, na ndevu zake zote ziliotea hapa.

Kwa serikali alikuwa bado mgeni. Kila mwaka alipanga mstari na wageni wengine ili apewe kibali cha kukaa. Jambo hilo lilimuuma sana. Mwaka 1981 aliomba uraia wa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Aliambiwa angoje uchunguzi. Akangoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kungoja ni kazi, tena haina mshahara.

Mwaka wa nne habari ilifika kutoka Kigoma kwamba mama yake, Mama Louise, ameanguka jikoni na hawezi kutembea. Papa Valère alikuwa mtoto wake wa pekee. Akapanga safari ya miezi sita.

Sasa sikilizeni kosa lake. Miaka ile kulikuwa na salongo. Kila Jumamosi asubuhi watu wa mtaa walitoka kufyeka majani na kuzibua mifereji. Asiyekuja alitozwa faini. Papa Valère alifikiria Jumamosi zote za miezi sita, akaenda kwa Papa Barnabé, shefu wa avenue, mkuu wa barabara yao, mwenye daftari la nyumba zote. Akamwomba aandike kwamba amehama, ili jina lake lisiitwe kwenye salongo. Wanaume wengi wa avenue ile walifanya hivyo walipokwenda Kigoma. Waliporudi, waliandikwa tena. Papa Barnabé akaandika: "Alihama, Tanzania." Papa Valère akapanda boti akicheka, anajiona mjanja. Alisahau kitu kimoja. Wale wengine walikuwa Wazaire tayari. Yeye alikuwa na ombi linalongoja.

Alimuuguza mama yake miezi saba. Alimbeba, alimwogesha, akamchongea magongo mawili. Mama alipoweza kufika mlangoni bila kushikwa, Papa Valère alirudi nyumbani.

Siku ya tatu alikwenda biro, ofisi ya serikali, kuuliza habari za ombi lake. Karani alitafuta kabatini muda mrefu, kisha akatoa dosiye yake, karatasi zilizofungwa kwa kamba.

"Citoyen, dosiye yako ilifungwa," alisema, kwani ndivyo watu walivyoitana miaka ile: raia. "Tulituma muntu wa uchunguzi kule kwenu. Alisoma daftari ya avenue. Ulihama."

Masikio ya Papa Valère yalianza kulia. Miaka minne ya kungoja imekwisha kwa neno moja.

"Nani alisema nilihama?" aliuliza.

"Paka wewe mwenyewe, si mwingine," karani alijibu, akamgeuzia karatasi ili asome.

Alifika nyumbani bila kofia, hakujua ameiacha wapi. Mama Odile alipoona uso wake alidhani kuna msiba. Alipoelezwa, alikaa chini na kuweka mikono kichwani. Hata mimi niliposimuliwa nilishtuka. Mtu mzima ajifute mwenyewe kwa kukwepa jembe la Jumamosi! Lakini tusimcheke sana. Wangapi kati yetu wamesema uongo mdogo mbele ya daftari, wakadhani hakuna atakayelisoma?

Mama Odile alimwita jirani yao, Mama Célestine, aliyepiga mashine ya kuandika katika biro za serikali miaka kumi na minane. Huyo hakulaumu. Aliuliza kwanza kama mke na watoto walibaki nyumbani, na kama karatasi za hospitali na tiketi za boti zipo. Vyote vilikuwepo.

"Papa Valère, sikia," alisema. "Kuvuka njo kitu kimoja, kuhama njo kingine. Muntu mwenye anangoja uraia anaweza kwenda inchi ingine kwa muda, juu ya ugonjwa, kazi ao masomo. Lakini anauliza kwanza sheria inamuruhusu muda gani, juu kila inchi iko na sheria yake. Kisha anaandika barua. Ninaenda wapi, juu ya nini, nitarudi lini, nani anabaki nyumbani kupokea barua zangu. Biro inapiga kashe, muhuri yake, kwenye kopi ya barua. Ile kopi inabaki kwako."

"Basi mimi sikuaga," alisema Papa Valère.

"Uliaga. Uliaga vibaya."

Akamshauri aandike barua ya kueleza kosa lake, na asifiche habari ya salongo. Papa Valère aliona haya, lakini aliandika. Papa Barnabé alikwenda naye biro, akathibitisha kwamba familia haikuondoka hata siku moja. Baada ya majuma sita dosiye ilifunguliwa. Uchunguzi ungeanza upya.

Haikupita miezi mitano, ujumbe mwingine ukavuka ziwa. Mama Louise amezidiwa. Anamwita mwanawe.

Papa Valère alikaa kwenye benchi lake la kazi. "Siendi," alisema.

Mama Odile hakuamini masikio yake. Alimuuliza kama amesikia vizuri ni nani anayeitwa.

"Nimesikia. Nikivuka tena, banafunga dosiye. Tutaanza miaka minne ingine."

Mama Célestine alipofika, alimkuta bado amekaa hapo, machozi yanamtoka. Safari hii alikasirika waziwazi.

"Ile karatasi uliomba juu ya kuishi vizuri na bantu yako," alimwambia. "Hakuna mwenye alikukataza kuona mama yako. Kamata kalamu."

Papa Valère akaandika. Asubuhi karani alisoma barua, akamwambia siku anazoruhusiwa, akapiga muhuri kwenye kopi. Kopi ile alimwachia Mama Odile. Mchana alikuwa ndani ya boti.

Alimkuta mama yake hai. Mama Louise aliishi siku kumi na moja tena, akafa ameshika mkono wa mwanawe.

Mtu wa uchunguzi alikuja Kalemie katika siku hizo hizo. Alimkuta Mama Odile, akaonyeshwa kopi yenye muhuri, akaandika kwamba mwenye nyumba yuko safarini. Papa Valère alirudi siku mbili kabla ya tarehe aliyoandika, akaenda biro kujionyesha. Karani aliuliza hali ya mgonjwa.

"Alikufa. Nilikuwa naye."

Karani alisimama, akampa mkono. "Pole sana, papa. Dosiye yako iko palepale."

Uraia ulitoka mwaka uliofuata, na watu walikula na kucheza. Papa Valère aliiweka karatasi ile katika sanduku zuri alilolitengeneza mwenyewe. Lakini chini yake aliweka kopi ya barua ile ya kuaga. Anasema bila uraia angeishi, kwa shida, kama alivyoishi zamani. Bila barua ile, mama yake angekufa akimwita.